Mwaka Niliomtafsiria Mamba

Mzee Odoyo alizikwa mwezi uliopita nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo mtu akisimama anayaona mabwawa yote ya mamba mpaka mtoni. Atieno, binti yake, alinipigia simu nikiwa mahakamani Nyamira nasubiri kesi iitwe. "Dada Kwamboka, baba ametuacha," akasema. "Na watu wa Nyamarambe wanakuja, tena wengi. Wazee wao wamesema watazungumza Kikisii, hawataki kubabaika na lugha ya watu siku ya kumuaga rafiki yao. Utakuja ututafsirie?" Nilimwambia kwamba hata asingeniomba ningekuja. Siku ya mazishi nilisimama kati ya maturubai mawili, moja la watu wa ziwani na jingine la watu wa milimani, nikawa napeleka maneno huku na kuyarejesha huku, Kikisii kwa Kiswahili, Kiswahili kwa Kikisii, na mjane alipozidiwa na uchungu akarudi kwenye Kijaluo chake, nikamfuata huko huko. Watu walipoketi kula, wakili mmoja kijana aliyekuja na Atieno aliniuliza nilisomea wapi ukalimani. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi, na huwa nataja vyeti vyangu. Safari hii nilimwonyesha kwa kidole ukuta wa mawe wa bwawa kubwa, nikamwambia, "Pale." Alidhani namtania.

Nilifika pale mwaka niliomaliza kidato cha nne, msichana wa Ikonge ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya kijito cha kuvuka kwa kurukia mawe kwenda kuchuma chai. Habari za nyumbani kwetu nitaziacha. Zinafanana na za nyumba nyingi za huko, chai upande huu, migomba upande ule, kanisa Jumamosi. Mzee Odoyo alikuwa amestaafu kazi ya serikali katika mambo ya uvuvi, akanunua kipande cha ardhi chini ya Nyamarambe, pale mto Gucha unapopunguza mbio na kuanza kutanuka, na hapo akaanza jambo ambalo kila mtu aliliona ni wazimu: kuokoa mamba. Mmoja alimtoa kwenye shimo la machimbo ya mawe lililojaa maji ya mvua, watoto wakimpiga kwa kokoto kila walipotoka shule. Mwingine alikuwa ameishi miaka mingi kwenye tangi la saruji nyuma ya hoteli moja ya mji wa ziwani, wateja wakimtupia mifupa ya kuku, mpaka mkia ukapinda kwa kukosa nafasi ya kujinyoosha. Wengine walinaswa kwenye nyavu, na wavuvi, badala ya kuwaua, wakamwita yeye. Sasa wafanyakazi wake wote walikuwa watu wa ziwani, na majirani wake wote walikuwa Wakisii. Akaona anahitaji mtu wa kusema nao. Akamwomba mchungaji wetu, waliyefahamiana kazini zamani, amtafutie kijana aliyefaulu Kiswahili. Mchungaji akanitaja mimi. Nadhani Mzee alitarajia mvulana, maana niliposhuka kwenye gari na sanduku langu la shule, alitazama nyuma yangu kama anayengoja mtu mwingine ashuke.

Chumba nilichopewa kilishikana na jikoni, kuta za mabati, kitanda cha kamba, na dirisha dogo lililotazama bwawa la mamba wachanga. Asubuhi niliamshwa na harufu mbili zilizogombana: moshi wa kuni wa Mama Atieno, mke wa Mzee, na maji yaliyolala, yenye majani na ute. Siku ya kwanza Mama Atieno aliniwekea mbele yangu kipande cha kambare aliyekaushwa kwa moshi, chote kimenona, mchuzi umeganda pembeni mwa sahani. Nilikitazama, nikakitazama tena. "Mama, samahani," nikasema, "sisi Wasabato hatuli samaki asiye na magamba." Alinikazia macho mpaka nikahisi masikio yananiwaka. Halafu akaiondoa ile sahani, akasema, "Basi huyu atakwenda kwa mamba. Dini yao inaruhusu." Tangu siku ile hakupika kambare bila kuninunulia pembeni ngege wangu, samaki wa ziwani mwenye magamba. Mimi nami nilikuwa nikienda sokoni Nyamarambe narudi na fungu la chinsaga, ile mboga yetu chungu, naichemsha polepole kwa maziwa mpaka uchungu wake unyenyekee. Mzee Odoyo aliila akiwa amefumba macho, na kwa muda mrefu hilo ndilo neno pekee la sifa nililolipata kwake. Mamba walilishwa Jumatano na Jumapili tu, kwa sababu mamba halili kila siku kama sisi. Okello, aliyekuwa dereva na mtegaji wetu, alipenda kuwaambia wageni kwamba mamba wamebatizwa Ikonge, wanafunga Sabato pamoja na Kwamboka.

Kazi yangu ilikuwa kuwazungusha wageni. Shule zilikuja, vikundi vya kina mama wa makanisa vilikuja, wanaume waliokuja kununua ng'ombe Nyamarambe walipitia kuona maajabu. Niliwasimamisha kwenye ukuta wa mawe, nikawaeleza jinsi mamba jike anavyolinda mayai yake mchangani na jinsi anavyobeba watoto wake mdomoni, katikati ya meno yale yale, bila kumkwaruza hata mmoja. Wanawake walikuwa wakiguna hapo. Mwanzoni niliongezea vikorombwezo. Nilisema mamba ana miaka mia, nilisema anaweza kumeza fahali. Siku moja Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu bila mimi kujua. Wageni walipoondoka akaniita kivulini. "Msichana, usiongeze na usipunguze," akasema. "Ukiongeza, watu wataogopa bure, watakuja kuua. Ukipunguza, hawataogopa, nao watakufa. Sema vile iko." Leo nikiwafundisha wakalimani wachanga, nawapa maneno hayo hayo, ila sipati namna ya kuwaeleza kwamba yalisemwa na mtu aliyeshika ndoo ya mapafu ya ng'ombe.

Mvua za masika zilizofuata zilikuwa kali. Gucha ulipanda ukageuka rangi ya chai ya maziwa, ukabeba migomba mizima na mizizi yake. Maji yalipoanza kushuka, watu wa juu yetu hawakujua kwamba mto ulikuwa umewaletea mgeni. Mamba mkubwa alikuwa amepanda na mafuriko akabaki kwenye kidimbwi kirefu ambapo wanawake walichota maji na kufua. Asubuhi moja Moraa, mwanamke aliyeuza ndizi sokoni Nyamarambe na ambaye nilikuwa nikinunua kwake, aliinama kusuuza nguo. Mamba alimshika mkono wa kushoto. Moraa alimpiga kwa beseni kichwani na machoni, akipiga mayowe, na wenzake wakamshika kiunoni wakavuta, mpaka mamba akaachia. Hospitalini Kisii waliuokoa uhai wake, lakini mkono ulikatwa chini ya kiwiko. Kabla ya jua kupanda vizuri habari zilikuwa zimeenea kwamba mamba huyo ametoroka kwa Odoyo. Tuliwahesabu mamba wetu, wote walikuwepo. Nani angetuamini? Nilipokwenda sokoni jioni ile kununua chumvi, mama aliyeniuzia siku zote aligeuza uso, na mtu fulani nyuma yangu akasema kwa Kikisii, kwa sauti ya kutosha nisikie, kwamba kuna watu wa kwetu wanaokula mezani kwa mamba.

Juma moja baadaye, jioni, niliwasikia Mzee na mkewe wakizungumza jikoni, upande wa pili wa bati. Walizungumza Kijaluo, na nadhani walisahau kwamba kufikia wakati huo sikio langu lilikuwa limeshafunguka. "Turudi kwetu," Mama Atieno alikuwa akisema. "Watakuja na moto, na paa hizi za nyasi zitawaka kama karatasi." Mzee akauliza, "Na mamba niwapeleke wapi?" Sufuria iliwekwa chini kwa kishindo. "Umewahi kuuliza mimi nitapelekwa wapi?" Nikasikia kuni zikipasuka motoni. Hatimaye Mzee akasema, "Kesho nakwenda barazani kwa chifu. Kwamboka atakwenda nami." "Yule ni mtoto, baba Atieno." "Ni mtoto," akasema, "lakini maneno yakipita kwake hayapindi." Nilikaa kitandani nimeshika magoti. Niliogopa, ndiyo. Lakini ndani ya woga ule palikuwa na kitu kingine kilichoninyoosha mgongo, kitu ambacho sikuwahi kupewa na mwalimu yeyote wala karatasi ya mtihani.

Barazani palijaa mpaka watu wakakaa juu ya ua. Wanaume walikuja na mikuki na mapanga, vijana wakanoa mishale mbele ya macho ya chifu. Chifu alitaka mambo yaende kwa Kiswahili, lakini kina mama wazee walikataa, wakasema pale ni kwao na watasikia kwa lugha yao. Kwa hiyo nikasimama katikati. Mzee Odoyo alivua kofia akasema, "Mimi naomba mtuachie hii mamba. Si yetu, imeletwa na maji, lakini tutaikamata ikiwa hai, tuitoe hapa, isirudi. Mkienda na mikuki kwa maji, itaua mwingine." Nikatafsiri. Mzee mmoja mwenye blanketi begani akanyanyuka. "Binti," akaniambia, "unatutafsiria sisi, au unamtafsiria mamba?" Watu wakacheka kicheko kibaya. Nilitafsiri na hilo, kwa Kiswahili, mbele ya mwajiri wangu, kwa sababu lilikuwa limesemwa. Kicheko kikakatika katikati. Nilihisi wameanza kunitazama kwa namna nyingine.

Ndipo Moraa akaletwa. Walikuwa wamemtoa hospitalini siku hiyo hiyo, amefungwa bendeji nyeupe mpaka begani, uso umekauka kama jani la mgomba lililoanguka. Walimwekea kiti, akakataa kuketi. Hakumtazama chifu wala wale wanaume wenye mikuki. Alimtazama Mzee Odoyo, akaongea kwa Kikisii, taratibu, akinipa nafasi ya kumfuata. "Mwambie huyu mzee. Amejenga ukuta wa mawe ili watu wasimfikie mamba. Ukuta wa kumzuia mamba asinifikie mimi, ameujenga wapi?" Nilijua ningeweza kulainisha. Ningesema mama anauliza kama kuna mpango wa usalama, na Mzee angejibu vizuri, na baraza lingesonga mbele. Nilikula kwake, nililala kwake. Lakini nilimtazama Moraa, nikamwona anavyoniangalia mdomo, anangoja kusikia maneno yake yakitoka kwangu katika lugha asiyoijua vizuri, na hana njia ya kujua kama yametoka mazima ila kuniamini. Nikayasema yote, kwa ukali ule ule, na nilipofika kwenye "mimi" niliweka mkono kifuani kama alivyoweka yeye.

Kofia ilikuwa ikizunguka vidoleni mwa Mzee Odoyo. Akaniambia, "Mwambie hilo swali nilipaswa kujiuliza kabla sijachimba bwawa la kwanza. Mwambie nitajenga." Nikayarudisha kwa Kikisii bila kuongeza wala kupunguza, na nakumbuka sauti yangu ilivyokuwa imetulia, kama si yangu. Moraa akafikiri, kisha akawageukia wanaume. "Mpeni mpaka siku ya soko amkamate," akasema. "Akimkamata, kisha akajenga, basi. Asipojenga, nitakuja mimi mwenyewe na kiberiti." Hilo la kiberiti Mzee aliomba nirudie, nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ni haki yake."

Okello alishusha kizimba cha chuma kwenye kidimbwi, nusu majini, akatundika mbuzi ndani. Siku zilipita, mbuzi akaoza, tukaweka mwingine. Sokoni watu walikuwa wakituuliza kwa dhihaka kama mamba amekwisha kununua tiketi ya kuondoka. Alinaswa alfajiri, kesho yake ikiwa siku ya soko. Tulipofika alikuwa akikipiga kizimba mpaka nguzo zinatetemeka ardhini, mrefu kuliko gari letu. Okello na wenzake walimtia kitanzi taya la juu, wakamvuta ukingoni, wakamlalia mgongoni, wakamfunga mdomo kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za magurudumu. Kazi yangu ilikuwa gunia. Mamba akizibwa macho kwa gunia bichi hutulia. Nilipiga magoti kichwani pake, nikalitandaza gunia juu ya macho yale ya manjano, nikalishikilia kwa mikono yote miwili, nikahisi pumzi yake ya joto ikipanda kwenye viganja vyangu. Msichana wa Ikonge! Sikuwahi kujiona mkubwa kiasi kile.

Kundi la vijana likateremka ukingoni na mapanga. Walimwona amefungwa, na hasira yao ikapata ujasiri. "Ondoka hapo, dada," mmoja akaniambia. Sikuondoka. Si kwamba nilikuwa shujaa. Nilijua tu kwamba nikiinua mikono gunia litaanguka, na mamba ataanza kupigana na watu wanne waliomlalia. Nilimwambia hivyo hivyo. Panga lake lilikuwa limenyanyuliwa aliposikia sauti ya Moraa kutoka juu. Alikuwa amekuja kwa miguu, bendeji imelowa umande. "Mkono uliokatwa ni wako?" akamuuliza yule kijana. "Basi shusha hilo panga ukawasaidie kubeba. Aliyepatana na mzee ni mimi." Vijana wale wale ndio waliotusaidia kumpandisha mamba kwenye pikapu. Bila wao tusingeweza.

Juma lililofuata Mzee Odoyo alipakia nguzo za mkaratusi na wavu mzito wa waya alivyokuwa ameviweka kwa ajili ya bwawa jipya. Mama Atieno alisimama mlangoni akiangalia vikiondoka, akasema, "Sasa huyo mamba mpya atalala wapi?" "Atabanana na wenzake," Mzee akasema. Tulizigongomelea nguzo zile mtoni, nusu duara kuanzia ukingo mmoja wa kidimbwi hadi mwingine, wanaume wa kijiji wakiwa majini mpaka kifuani, watu wa ziwani wakizamia kuukaza wavu chini kwenye mawe. Nilishinda nimesimama majini nikipiga kelele za "kushoto" na "vuta" kwa lugha tatu. Mchana kina mama walileta uji wa wimbi na ndizi za kuchemsha, na Okello, aliyekuwa akiapa kwamba chakula cha Wakisii hakina nguvu, alikunywa vibuyu vingi. Ua ule ulirekebishwa mara nyingi tangu hapo, na mwingine ukajengwa juu zaidi, na mwingine tena. Mpaka leo wanawake wa huko huchota maji ndani ya ua, na sijasikia mwingine aliyeshikwa.

Mvua zilipokwisha, Jumapili moja ya kulisha, Moraa alikuja kututembelea. Alikuja na wanawake aliokuwa nao siku ile mtoni, wote wamevaa nguo zao za kanisani, vitambaa vyeupe kichwani, wakitembea wameshikana kama watu wanaokwenda kwenye nyumba yenye mbwa mkali. Jeraha lilikuwa limepona, mkono wa gauni ameukunja na kuubana kwa pini. Mzee Odoyo alitoka kuwapokea mwenyewe, lakini Moraa alinyoosha mkono wake mmoja akanishika mimi. "Huyu ndiye atanizungusha," akasema. Nikawazungusha. Nikawaonyesha aliyetoka machimboni na yule wa hoteli mwenye mkia uliopinda, na wanawake wakamwonea huruma huyo wa hoteli mpaka wakashangaa wenyewe. Nilipowaambia habari za mamba jike na watoto mdomoni, mmoja akaguna, na Moraa akasema, "Kumbe anajua kushika polepole akitaka," nao wakacheka, naye akacheka, nami nikapata ruhusa ya kucheka.

Kisha tukafika kwenye bwawa kubwa. Yule wa mtoni alikuwa amelala juani, mdomo wazi, akiwa amekwisha kunenepa. Wanawake wakarudi nyuma. Moraa akabaki ukutani. Aliniuliza nani humlisha, nikamwambia ni mimi. Akaomba ndoo. Alichukua pande la nyama kwa mkono wake wa kulia, akalipima uzito, akalitupa vizuri, kama mtu aliyezoea kurusha mikungu ya ndizi juu ya gari, nalo likaangukia pale pale mbele ya pua. Mamba akalidaka, maji yakaruka mpaka yakamlowesha gauni. Hakusogea. Akaweka kiganja juu ya mawe, akainama mbele kidogo, akaanza kusema na mamba.

Alisema kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, bila haraka. Alisema kwa muda mrefu. Wakati mwingine sauti ilipanda kama anayemgombeza mtoto wa dada yake, wakati mwingine ilishuka mpaka nikawa nasikia pumzi tu. Alimaliza jambo moja akaanza jingine. Wenzake waliinamisha vichwa. Mimi nilikuwa karibu naye kabisa, bega kwa bega, nikasikia kila neno. Mzee Odoyo, aliyekuwa amesimama upande wangu wa pili akimtazama Moraa mdomo kwa wasiwasi, hatimaye alishindwa kujizuia. Akaninong'oneza, "Anasema nini?"

Tangu nifike nilikuwa nimemtafsiria kila kitu, matusi na shukrani, bila kumficha hata kimoja. "Hayo hakukuambia wewe, Mzee," nikamjibu.

Alinitazama. Nilidhani atakasirika. Badala yake alivua kofia, akarudi nyuma polepole mpaka kwenye kivuli cha jiko, akatuachia ukuta. Moraa aliendelea mpaka akamaliza. Akajifuta maji usoni kwa ncha ya kitambaa, akakaza pini ya mkono wa gauni lake, akanigeukia. "Sasa mwambie mzee wako," akasema, "kwamba nimetoka mbali na nasikia njaa, na hapa wageni hawajapewa hata chai."

Hilo nilitafsiri, neno kwa neno.